Imepokelewa, Lakini Gari Halikuja

Simanjiro,
11 Machi 2018

Mdogo wangu Tariq,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma mwenyewe hapo chini. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie asiache kuikanda kwa maji ya moto. Na mwanetu Najma, amekaa? Anakula uji, au bado anautema? Kila nikimshika mtoto wa mtu hapa zahanati namwona yeye.

Huku vumbi tupu. Nyumba niliyopewa ina mlango usiofungika, nauzuia kwa jiwe. Watu ni wema, wananiletea maziwa. Mtandao wa simu haupo mpaka upande kilima nyuma ya zahanati, ndiyo maana natumia karatasi. Yoakimu, dereva wa lori la mnadani, amekubali kutupelekea barua kila anapopita Babati.

Sasa sikiliza. Tangu Novemba nimenyamaza kwa ajili ya Mama. Dada yetu Mwanne alijifungua salama mikononi mwangu, Najma akalia vizuri, kisha damu ikakataa kusimama. Nilichoma sindano, nikafanya yote niliyofundishwa. Mvua ilikuwa inanyesha, simu inakatika kila nikipiga. Nikachukua ile simu ya mradi wa Salimu wa magari ya wagonjwa, ule mfumo wake anaouita Wahi, nikatuma ombi la gari. Ikanijibu: *Imepokelewa*. Nililiona neno hilo kwa macho yangu. Nikamwambia Mwanne, "Vumilia, gari linakuja." Jirani alikuwa na trekta, Tariq. Nilimwambia aende zake.

Gari la mradi lilikuwa karibu tu, Bonga, dereva amekaa.

Halafu mbele ya kamati ya mradi Salimu akasimama na suti yake akasema hakuna ombi lolote lililofika, muuguzi alichanganyikiwa kwa sababu mgonjwa ni ndugu yake. Simu waliichukua wakidai ni matengenezo, ikarudi imefutwa kila kitu. Mimi nikahamishwa huku.

Wewe unazijua kompyuta. Nataka umvunjie mfumo wake. Usiniulize kama nimefikiri vizuri. Na usinijibu kwa simu, simu niliyo nayo ni ya kwake.

Dada yako,
Anifa

*

Nangara, Babati,
8 Aprili 2018

Dada Anifa, shikamoo.

Sisi hapa hatujambo, tunalala na kuamka. Mama anakusalimu sana. Miguu imepungua kuvimba, ila hataki kukaa; jana nimemkuta anapalilia mahindi, nikamkaripia, akanikaripia zaidi. Najma amekaa! Anakaa kama mzee wa baraza na uji anaukubali ukiwa na samli aliyoleta shemeji Saning'o. Shemeji huja kila siku ya mnada, anampakata mwanawe, anaondoka. Mvua imekuwa nzuri.

Barua yako nimeisoma chumba cha nyuma, Mama asinione uso.

Nimeanza kuuchunguza mfumo wa Salimu. Mwenyewe amejirahisishia mambo: anataka vijana wa mjini wamtengenezee vikorombwezo vya bure, kwa hiyo ametugawia maelekezo na ufunguo wa majaribio. Mfumo una mlango wa kupokelea taarifa kutoka nje, sisi tunauita API. Ombi la gari linapita hapo likiwa limefungwa kwa namna inayoitwa JSON, yaani kila kitu na jina lake, hivi:

{"jina": "Fulani", "kituo": "Bonga", "hali": "anatoka damu"}

Mimi naandika kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ombi nikishaliandaa, kulituma ni mstari mmoja tu:

jibu = requests.post(anwani, json=ombi, headers=ufunguo)

Hapo penye json=ombi, Python inafungasha maneno yenyewe, mimi sihangaiki na alama. Mfumo unajibu kwa namba. 200 maana yake mambo poa. Nimejaribu, umenijibu 200 na neno lile lile lako, imepokelewa.

Unachokitaka kinawezekana. Nikiongeza mistari miwili, kompyuta itarudia kutuma bila kuchoka, maombi ya uongo yajae mpaka mfumo ulale chali.

Lakini kwanza niambie: siku ile uliandika nini hasa? Herufi kwa herufi.

Mdogo wako,
Tariq

*

Simanjiro,
29 Aprili 2018

Tariq,

Marahaba. Niko salama, wasalimie wote. Yoakimu anasubiri lori likiwa linanguruma, kwa hiyo sina maneno mengi.

Unaniuliza niliandika nini. Hivyo ndivyo kamati ilivyoniuliza, kwa sauti hiyo hiyo. Niliandika jina lake la ndoa, Mwanne Saning'o. Nikaandika kituo changu, kule Mutuka. Nikaandika anatoka damu nyingi. Nikabonyeza tuma. Vidole vyangu vilikuwa na damu, lakini maneno yalikuwa sahihi, na neno Imepokelewa lilikuja. Unataka niape?

Nimesikia Salimu amenunua gari jipya na anaitwa mgeni rasmi mashuleni. Wewe unanifundisha mabano.

Nimekuuliza jambo moja hukulijibu. Utafanya au hutafanya?

Anifa

*

Nangara, Babati,
3 Juni 2018

Dada, shikamoo, na usikasirike. Sikuuliza kama kamati. Mama hajambo. Najma ameota jino la chini, amemng'ata shemeji kidole, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tumemwona shemeji akicheka.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Nilituma ombi la majaribio kwa jina la Mwanne Athumani, jina lake la kwa baba. Jibu 200, imepokelewa. Kuna mlango mwingine wa kuuliza maombi uliyotuma yako wapi. Nikauliza, nikalikuta limekaa. Nikatuma lingine, kila kitu kile kile, ila jina Mwanne Saning'o. Jibu 200, imepokelewa. Nikauliza. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikajaribu majina mengine yenye ng' ndani yake, ya Wamaasai, ya Wambulu, ya Wabarbaig. Yote yanajibiwa imepokelewa, na yote yanapotea. Nikiiondoa ile alama ndogo ya juu, jina linaingia.

Ndivyo ilivyo, dada. Kule ndani mfumo umeandikwa kivivu. Unayafunga maneno kwa kuyazungushia alama kama hiyo hiyo, kwa hiyo ukiikuta katikati ya jina la mtu unadhani jina limeishia hapo, unakwama, unalitupa ombi. Ila kabla ya kukwama umekwisha kujibu imepokelewa, kwa sababu ameuandika ujibu kwanza, uhifadhi baadaye. Python yangu inaifikisha alama salama kabisa. Kosa liko kwake.

Ulituma. Hukuchanganyikiwa. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Mpaka hapo litakaporekebishwa, ukiandika jina lolote lenye ng', iondoe ile alama. Usisahau.

Tarehe 14 Julai Salimu anafanya hafla ukumbini hapa mjini. Amealika wageni wa mikoa mingine waje wauone mfumo, wauchukue kwao. Vijana wa kompyuta tumeombwa tusaidie nyaya na mashine ya kuonyesha picha ukutani.

Tariq

*

Simanjiro,
17 Juni 2018

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa jino. Mkandeni fizi kwa kidole safi, taratibu sana.

Barua yako nimeisoma nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Nikaisoma tena kilimani. Nililia, sikufichi, halafu kilio kikaisha, na kilichobaki si kitu kizuri.

Miezi yote hii nilikuwa nalala nikijiuliza kama vidole vyangu viliteleza. Yule mtu alinifanya nijishuku juu ya kifo cha dada yangu mwenyewe. Unafikiri ni wangapi wengine waliopotezwa hivyo? Huku nusu ya watu ninaowahudumia wana alama hiyo kwenye majina yao.

Tarehe 14 Julai. Umeitaja mwenyewe. Siku hiyo, wageni wake wakiwa wamekaa na soda zao, mwachie mistari yako miwili. Mafuriko. Ukuta ujae majina ya uongo, simu za madereva zilie zote kwa pamoja, mashine ife mbele ya macho yake. Nataka asimame pale na neno lake Imepokelewa.

Usiniletee habari za kusubiri. Nisipopata barua yako kabla ya siku hiyo, nitajua umekubali.

Anifa

*

Nangara, Babati,
1 Julai 2018

Dada Anifa,

Shikamoo. Nyumbani kwema. Mama ameniona sili vizuri, anadhani nina msichana.

Sitafanya.

Usiichane, soma mpaka mwisho. Majaribio na maombi ya kweli yanapita mlango mmoja. Nikimwaga mafuriko, mwanamke wa Bonga anayetoka damu saa hiyo hataweza kupita. Hilo unalijua kuliko mimi.

Lakini hata ukiliweka hilo pembeni. Nikimfurika, Salimu atasema amevamiwa na wahuni. Watu watamhurumia, wageni watampa pole, polisi watanitafuta mimi. Unataka apewe pole? Mimi sitaki. Unadhani ni wewe peke yako unayemchukia? Mimi ndiye niliyemwosha udongo mikononi shemeji baada ya kumfukia dada yetu. Nataka Salimu aanguke kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe, watu wakimwangalia usoni, asipate wa kumsingizia.

Niachie siku ile. Nimemwomba shemeji Saning'o aje ukumbini. Zaidi ya hapo siandiki.

Tariq

*

Simanjiro,
15 Julai 2018

Tariq,

Hii ni barua ya kukuuliza, na salamu utanisamehe. Sijapata barua yako yoyote tangu ile ya Juni. Lori la Yoakimu limekufa injini, liko Terrat hadi leo. Nilifanya kama nilivyokuambia, nikahesabu umekubali.

Jana tangu asubuhi nilikuwa na furaha. Nilifagia zahanati nikiimba. Nilikuwa naangalia saa, nawaza sasa wageni wanaingia, sasa wanakaa.

Saa sita mchana wakamleta Nataana, msichana mdogo, mimba ya kwanza. Mtoto alitoka, mzima. Kisha damu. Nikaangalia ile damu sakafuni, Tariq, nikaijua.

Mama mkwe wake akaniuliza, "Gari utaita?" Nilichokuwa nawaza ni wewe umekaa ukumbini na mistari yako. Nikamwachia mhudumu amkandamize tumbo kama nilivyomwonyesha, nikachukua simu ya Salimu nikakimbia kilimani. Kwanza nilikupigia wewe. Simu yako imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Nilipiga kelele pale juu peke yangu, "Tariq acha! Acha!" Wachungaji wakageuka kuniangalia.

Nikaandika ombi. Mumewe Nataana naye anaitwa Saning'o, huku wenye jina hilo ni wengi. Niliandika lote jinsi lilivyo, kidole kiko juu ya tuma, ndipo nikaikumbuka ile alama. Nikaifuta. Nikatuma. Imepokelewa. Unajua neno hilo linanifanya nini. Safari hii sikulisadiki. Nikamtuma Parkesian, mkaka mwenye pikipiki, aende njia ya gari akatafute chombo chochote chenye matairi manne.

Alikutana na gari la mradi njiani, linakuja.

Nataana yuko hospitali, ameongezewa damu, anaongea. Nimerudi leo kwa gari la hospitali, na dereva wake ndiye anayekuletea barua hii.

Sasa nijibu kwa maneno machache. Ulifanya au hukufanya?

Anifa

*

Nangara, Babati,
22 Julai 2018

Dada yangu,

Shikamoo. Sikufanya. Barua yangu ya tarehe mosi itakuwa bado iko kwenye lori, utaikuta. Simu yangu niliizima kwa sababu sikutaka kitu chochote kinitoe akili. Mungu anisamehe kwa hilo tu. Mpe pole Nataana.

Nakusimulia jinsi ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Salimu kavaa suti ya kijivu, sauti tamu. Mimi niko kwenye meza ya pembeni na kompyuta yangu. Ukutani panaonekana ukurasa wa maombi ya magari. Madereva wachache wamekalishwa mbele kama maonyesho, Melkiadi wa Bonga yumo, simu mkononi. Shemeji Saning'o kasimama nyuma kabisa, na shuka lake na fimbo yake, hataki kiti.

Salimu akasema, "Kijana, tuma ombi moja la majaribio wageni wetu waone."

Nikaandika kwa herufi kubwa, kila mtu anaona: Mwanne Saning'o, Mutuka, anatoka damu nyingi. Nikatuma. Kwenye kompyuta yangu ikaja imepokelewa, nikaisoma kwa sauti. Ukurasa wa maombi mtupu. Tukasubiri. Mama mmoja mgeni akauliza, "Mbona gari haliitwi?"

"Mtandao huu," Salimu akasema, akacheka.

"Si mtandao," nikasema. "Umejibu umepokea. Ngoja niondoe alama moja." Nikaiondoa, nikatuma. Papo hapo jina likatokea ukutani na simu ya Melkiadi ikalia, watu wakashtuka. Nikairudisha alama. Imepokelewa, na kimya. Nikaiondoa. Simu ikalia. Nilirudia mpaka Melkiadi akainamisha kichwa.

Salimu akaniwahi, akasema haraka, "Jamani hili dogo tunalijua siku nyingi, tumeshawaagiza wauguzi wasiweke alama hizo."

"Mmewaagiza lini?" nikamwuliza.

"Tangu mwaka jana tunalijua."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Dada, nilimwona akisikia.

Shemeji akaja mbele, taratibu, watu wanampisha. Akasema, "Hilo jina hapo ni langu. Huyo mwanamke ni mke wangu. Mwaka jana ulijua kabla hajafa, au baada?"

Salimu akaanza kukusanya karatasi zake. Yule mama mgeni akachukua mkoba wake akasimama, wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na viti vile vya plastiki vinakwaruza sakafu. Shemeji hakuondoka. Alisimama mbele yake anasubiri jibu mpaka ukumbi ukabaki wa sisi tu.

Mfumo amenyang'anywa, kuna wataalamu wengine wanauandika upya. Melkiadi ametoa maelezo yake kwamba siku ile Bonga hakupigiwa, na kwamba alipouliza aliambiwa anyamaze. Kibao cha ofisi ya Salimu kimeng'olewa. Watoto wa mjini wamempa jina. Akipita wanamwita Imepokelewa.

Tariq

*

Simanjiro,
30 Septemba 2018

Mdogo wangu Tariq,

Marahaba sana. Barua zako zote mbili nimezipata siku moja, ile ya kukataa na ile ya ukumbini. Ya kukataa nimeisoma mara moja tu. Usinisubirie niseme neno juu ya nilichokuomba, maana sitalisema. Mwambie Mama viatu vya Najma vinakuja na Yoakimu, na kama ni vikubwa awekee pamba.

Nimepata barua ya kusafishwa jina. Wameniuliza kama nataka kurudi Babati. Nimesema nitarudi Januari, akishapatikana wa kushika nafasi yangu. Siwaachi watu hawa na mlango umefungwa.

Wiki iliyopita Salimu alikuja hapa. Peke yake, na gari la kukodi. Suti hakuvaa. Nilimwona dirishani akishuka, nikaendelea kupima watoto uzito. Akakaa kwenye benchi la nje na akina mama. Kila nikimaliza mgonjwa namwita mwingine, yeye namruka. Jua likamzungukia, akahamia upande wa pili, likamfuata. Hakuna aliyempa maji. Mimi ninayo maji.

Wagonjwa walipokwisha nikamwita. Akaingia, akasema shikamoo. Mtu aliyenizidi umri. Sikuitikia.

Akasema, "Nimekuja kuomba radhi kwa yaliyotokea."

"Nini kilitokea?" nikamwuliza.

Akazunguka na maneno. Mradi, changamoto, wasaidizi wake. Nikamwacha mpaka yakamwishia. Nikamwuliza tena, "Nini kilitokea?"

Kisha akasema, akiangalia sakafu, kwamba alijua mfumo unatupa majina, kwamba kuusahihisha kungechelewesha uzinduzi, kwamba Mwanne alipokufa aliogopa, akaona ni rahisi kunitaja mimi. Alilia. Akapiga magoti, Tariq, kwenye sakafu yangu, akasema, "Nisamehe, dada yangu."

Nilimwambia, "Dada yako si mimi. Sijakusamehe, na sitakusamehe. Rudi kwenu."

Akainuka kwa shida, akaenda. Nilisimama mlangoni nikiangalia vumbi la gari lake mpaka lilipotua.

Mama atakuambia kitu kama hicho hakimpi mtu raha, kwamba nitakuwa nimejisikia mtupu baadaye. Usimbishie, ni mama yetu. Lakini wewe sitakudanganya. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa pale kizingitini na kucheka. Kisha nikaenda kunawa mikono, kwa sababu mke wa jirani yangu Kasura alikuwa amefika, ameshika kiuno, na uchungu umeanza.

Dada yako akupendaye,
Anifa